Trei ya Mayai

Saa kumi na mbili asubuhi, Cubao, Quezon City. Nimelala kwa godoro chini, feni inazunguka ikilia ka mat yenye gia imekufa, na huko nje kuna buda anapiga nduru: "Tahoooo!" Neno moja tu, lakini analivuta mpaka linafika kona kabla yeye mwenyewe hajafika. Siku ya kwanza nilidhani ni mwizi ameshikwa. Siku ya pili nilikuwa nishasimama kwa gate na malapa, kikombe mkononi.

Huyo buda amebeba mti begani, ndoo ya bati imening'inia kila upande. Moja iko na tofu ya soya, laini, ya moto. Ingine iko na sukari ya kahawia iliyochemshwa ikawa nzito, na tupunje twa sago tunateleza kwa ulimi ka macho ya omena. Anachota, anamwagia, unalipa na coins, unakunywa ukiwa umesimama hapo hapo. Hiyo ndio taho. Kwa mtaa mzima ni chai ya asubuhi. Kwa Ate ni supper, juu ndio anashuka kutoka job.

Jina yake naiacha kwa mfuko. Ate, ukitamka a-te, ni sistee mkubwa kwa Kitagalog, na nimemwita hivyo tangu Dubai, enzi tulikuwa tunaishi bedspace Satwa: manzi sita, chumba moja, vitanda za kupandana, choo yenye ratiba. Yeye huniita Bunso, yaani kitindamimba. Usiku wa kwanza nimetua kutoka Kanairo, begi mbili, macho nyekundu, simjui mtu, yeye ndio alinibongesha wa kwanza. Hakuuliza natoka wapi. Aliuliza, "Kumain ka na?" Ushakula? Na kabla nijibu kulikuwa na sahani ya wali mbele yangu.

Baadaye nikarada kwamba hiyo kwao ni salamu kabisa. Sisi tunaulizana form ni gani, wao wanaulizana ka tumbo iko sawa. Nikamfunza ya mtaa yetu: ushamanga? Alicheka mpaka akashika ukuta, juu mangga kwao ni embe. Kuanzia hapo kila jioni Satwa tulikuwa tunaulizana ka tushaembe.

Mwaka jana akarudi kwao. Septemba hii nikachukua likizo ya wiki mbili nikamfuata, juu anaolewa, na nimepewa kazi kwa hiyo harusi.

Sasa hivi anapiga wera kol senta, na masaa yake yamepinduliwa juu chini. Mteja ako New York. New York ikiwa saa nne asubuhi, Manila ni saa nne usiku. Kwa hivyo Ate huvaa koti akaingia ofisi yenye AC ya kuua wakati mtaa unazima taa, anakesha akielezwa na mzungu vile intaneti imekufa, halafu anatoka jua likichomoza, amechoka lakini ako na njaa ya furaha. Nasema ya furaha juu nimeiona. Mtu anatoka geti ya job akinusa hewa ka mbwa wa polisi.

Anachonusa ni kitunguu saumu. Mbele ya jengo lao kuna kibandaski inaitwa tapsihan, na hapo ndio nilicheki Wafilipino na watu wa Sheng ni ndugu wa tumbo moja. Sinangag ni wali wa jana umekaangwa na saumu. Itlog ni yai. Katakata hayo maneno, unabaki na silog. Weka tapa, nyama ya ng'ombe iliyolowekwa na kukaushwa, ni tapsilog. Weka longganisa, soseji yao ya utamu-utamu, ni longsilog. Hotdog? Hotsilog. Mtu aliyebuni hiyo na yule aliyechukua smokie na chapo akasema smocha wangekaa meza moja wangeelewana bila mkalimani. Hata hiyo meza wangeelewana, juu wao pia wanaiita mesa. Mreno alituachia sisi, Mspanyola akawaachia wao.

Hapo ndio Ate aliulizwa. Chali yake ni fundi wa AC, msee mtulivu, mikono mikubwa, maneno machache. Kwa miaka sita yote Ate akiwa Dubai alikuwa anamtumia ujumbe kila siku saa sita mchana ya Manila, maneno matatu yale yale: kumain ka na. Ate anasema kuna siku alikuwa analia choo, akasoma hiyo text, akanawa uso akaenda kula. Siku yenyewe jamaa alimngoja nje ya kol senta, saa moja asubuhi, wakakaa, tapsilog mbili zikaja. Akaweka kiboksi kidogo kando ya sahani. Manzi ana njaa ya masaa tisa, hata hakuangalia, alidhani ni vijiti vya meno, akakisukuma kando na kijiko. Kikaanguka kwa yai. Kiini kikapasuka kikamwagika juu ya pete.

"Nikamwambia kain muna tayo, tule kwanza," Ate ananishow, akicheka na mdomo umejaa. "Nilijibu nikimaliza wali."

Kwa Kitagalog wako na neno la vile alihisi: kilig. Ni ile kitu inakutambaa mgongoni mpaka unakanyaga chini miguu yote miwili ukiona jina la crush kwa simu. Wazungu wa kamusi ya Oxford waliishika wakaiingiza kwa kitabu chao 2016, juu kwao haiko. Kwetu pia haiko, na vile Sheng hutengeneza neno jipya kila wiki, hapo tumelala.

Sasa, raha kubwa ya Ate. Wikendi zake mbili anazopata kwa mwezi haendi klabu, haendi kulala. Anaenda food trip. Wenyewe wanaiita hivyo, na usidhani ni kukaa hoteli. Ni kutembea na mbogi yako, huko wanasema barkada, mkipiga kibanda moja baada ya ingine, kila mahali mnaonja kidogo, mnasonga. Barkada ya Ate ni wasee watano tangu sekondari. Kabla mtu anunue kitu sheria inatajwa: KKB, kanya-kanyang bayad, kila mtu na chake. Lakini nimecheki vizuri na KKB ni ya mdomo. Sahani ikifika, vijiko sita vinaingia.

Tulianza na isaw hapo karibu na chuo cha UP Diliman. Isaw ni matumbo ya kuku, yameoshwa, yakasokotwa kwa kijiti ka nyoka, yakachomwa mkaani. Mkenya aliyekulia mutura hapa hana swali. Chovya kwa siki yenye pilipili, mara moja tu, ukirudisha kijiti kilichoumwa kwa hiyo bakuli utatazamwa hadi ukoo. Lakini majina ndio yaliniua. Miguu ya kuku inaitwa Adidas, juu vidole vitatu ni mistari mitatu. Kichwa cha kuku ni helmet. Masikio ya nguruwe ni Walkman. Damu iliyogandishwa ikakatwa mraba, nyeusi, nzito, ni Betamax, na ka uko chini ya miaka thelathini muulize mathe wako Betamax ilikuwa nini. Hakuna mtu alikaa ofisi akabuni haya majina. Yametoka kwa mkaa, kwa moshi, kwa wasee wa njaa na jokes.

Halafu kuna kwek-kwek, mayai ya kware yamevishwa unga wa rangi ya chungwa yakaingia mafuta. Nikawapigia risto ya 2014, vile Kenya nzima ilifuga kware ikidhani imeomoka, halafu soko ikaanguka mayai yakakosa mtu wa kuyala hata ya bure. Barkada yote ikanyamaza kwa heshima. Mmoja akasema, mngetupigia simu.

Balut sikuweza. Nasema ukweli. Ni yai la bata limekaa wiki mbili na kitu, kifaranga kishaanza kuchukua sura, wanachemsha, wanauza usiku na chumvi. Mji wa Pateros umejulikana kwa hiyo biashara kitambo sana. Nilitoboa juu, nikanyonya supu, supu iko fiti, nikacheki ndani, kitu kikanicheki. Nikampa Lola, yaani nyanya wa Ate, akamaliza akiangalia telenovela.

Na Jollibee lazima niguse, juu nilikuwa nalala hatua chache kutoka mahali ilizaliwa. 1975 jamaa anaitwa Tony Tan Caktiong na familia yake walifungua duka la aiskrimu hapo Cubao. Wateja wakawa wanataka kitu cha moto pia, wakaanza kupika, na 1978 biashara ikageuka kuwa huyu nyuki mwekundu ambaye sahii ako mpaka Dubai, ambapo Ate alikuwa ananiburuta kila mwisho wa mwezi. Kuku yao sina noma nayo. Spaghetti ndio ilinitoa jasho. Ni tamu. Tamu ya sukari, na soseji zimekatwakatwa ndani. Mara ya kwanza nilihisi ka mtu amemwaga Fanta kwa pilau. Mara ya tatu nilikuwa nakwangua sahani, na siezi eleza ni nini ilifanyika katikati.

Huo utamu wa spaghetti kwa nyumba nyingi hutoka kwa ketchup ya ndizi. Ndio, ndizi. Mama anayesifiwa kwa hiyo ni Maria Orosa, mkemia aliyesoma Seattle akarudi kwao kabla ya vita akiwa na swali moja: nyanya ni adimu na ndizi zimejaa, kwa nini tunanunua ketchup nje? Nilikuwa nishaanza kuchekea hiyo ketchup, mpaka Ate akanimalizia stori. Mjapani alipoingia, Orosa alikuwa anapenyeza chakula kwa wale waliofungiwa kambini. Aliuawa Februari 1945, Manila ikichomeka. Nikafunga mdomo nikaongeza ketchup.

Binondo tulienda Jumapili, baada ya misa. Wanasema ndio mtaa wa Wachina mkongwe zaidi duniani, umekuwa hapo tangu 1594, na ukitembea Ongpin unaona vile damu imechanganyika: kanisa upande huu, ubani unafukizwa upande ule, duka la dhahabu, na mathe anauza hopia, keki ndogo nzito zimejazwa maharagwe au ube, kile kiazi cha zambarau wanachoweka kwa kila kitu. Tulikula lumpia mbichi, zile roli zao, tukala siopao, mkate wa mvuke wenye nyama ndani, tukala dampling zimesimama kwa mvuke. Katikati ya hiyo kula, Ate alikuwa na daftari. Kila kibanda anauliza bei ya sahani mia. Hapo ndio nikashtuka kwamba food trip yote tangu wiki jana ilikuwa ukaguzi wa menyu ya harusi.

Na hiyo harusi ina mambo, wacha nikushow.

Kwanza tarehe. Ate alitaka Desemba, juu ndio kila Mfilipino aliye nje hurudi nyumbani, na hewa iko poa. Lola akakataa katakata. Kuya, yaani broo mkubwa wa Ate, ameoa Machi mwaka huu, na ndugu wawili wakifunga ndoa mwaka mmoja hiyo ni sukob: bahati inagawanyika, kuna mmoja ataumia. Ate amesoma, ako na digrii, anajua hii ni imani tu. Harusi imesukumwa Januari. "Mimi siamini," akaniambia, "lakini Lola anaamini, na mimi namwamini Lola."

Januari imekuja na faida yake ya ganji. Tangu 1975 kuna sheria huko kwamba mwajiri lazima akupe mshahara wa mwezi wa kumi na tatu, kufikia 24 Desemba. Hebu fikiria hiyo kitu Kanairo. Doh ya Ate ya mwezi wa kumi na tatu imeshapewa jina, inaitwa keki na maua. Gauni inatoka kwa paluwagan. Paluwagan ni chama, ile yetu ya merry-go-round sawasawa: wasee kumi, kila wiki mnaweka sawa, mmoja anabeba. Zamu ya Ate ni Novemba. Wanatumiana kwa GCash, na hapo nilianza kupiga kifua juu ya M-Pesa, 2007, sisi ndio baba wa pesa kwa simu. Chali wa Ate, ambaye haongeangi, akasema polepole, "GCash, 2004." Nikarudi kula.

Nguo za wasimamizi tulienda kutafuta Anonas, stesheni moja tu na treni. Hiyo ni Gikomba yao. Mitumba wanaiita ukay-ukay, kutoka neno la kufukua, na ukifika unaelewa, watu wameinama wanachimba marundo ka kuku. Kichekesho ni kwamba kuna sheria ya 1966 inayokataza kuingiza nguo kuukuu za kuuza. Bado iko, haijafutwa. Na maduka ya ukay yako kila kona, mabango makubwa, mchana peupe. Nilinunua blauzi ya hariri kwa bei ya chips, nikajiona mhalifu mwenye luku safi. Spika ya duka ilikuwa inapiga nyimbo za Krismasi. Septemba. Ukiuliza unaambiwa miezi inayoishia na "ber" imeingia, na wanakushangaa wewe.

Jumamosi ya kwanza ilikuwa pamanhikan. Familia ya chali inakuja kwa familia ya manzi kuomba rasmi. Neno lenyewe linatoka kwa kupanda ngazi, juu nyumba za kitambo zilijengwa juu ya nguzo na ilibidi upande ndio uongee. Nilikuwa natarajia ka ruracio: wazee wa kupimana maneno, mbuzi za kuhesabu, mtu kufichwa ndani ya leso. Hakuna mahari. Walikuja na pancit, tambi zao, ndani ya bilao, ile ungo pana, na nyama, na keki, na mathe wa chali amevaa lulu bandia zilizozua minong'ono jikoni, juu lulu karibu na bibi harusi ni machozi. Vijana wa nyumba wakachukua mikono ya wazee mmoja mmoja, wakaiweka kwa paji la uso wakisema mano po. Mi nimelelewa na nyanya wa Mombasa, mkono wa mzee ulikuwa unabusiwa, kwa hivyo nilijipanga kwa laini bila kuambiwa. Lola akanishika shavu.

Mazungumzo yenyewe ilikuwa vita baridi ya majina. Kwao harusi ina ninong na ninang, wazazi wa ubatizo lakini wa ndoa, na unachagua wengi, jozi kwa jozi. Hao wanatarajiwa kushauri mkikosana. Pia wanatarajiwa kutoa bahasha nene. Kwa hivyo kila upande una mdosi wake, diwani wake, shangazi wa Kanada wake, na kila mtu anajifanya anachagua kwa hekima ya kiroho. Walimaliza na jozi nane. Kitambo, Lola akanieleza, chali hangekaa tu hapo akila. Kulikuwa na paninilbihan: anateka maji, anapasua kuni kwa wazazi wa manzi miezi na miezi, mpaka wamjue. Akanyooshea feni kidole. "Ameitengeneza mara tatu," akasema. Ile feni inayolia usiku wote. Nilimeza maneno yangu.

Halafu mashine ya videoke ikatolewa na siasa ikaisha. Mjomba aliyekuwa amenuna juu ya jozi ya nane akaimba akapata 98. Mi nikapata 71 na makofi ya huruma.

Nikiwa naosha vyombo na Ate ndio tuliongea ile ingine. Ufilipino na Vatican ndio mahali mbili tu duniani zimebaki bila sheria ya talaka. Waislamu wa huko wako na sheria yao tangu 1977, lakini kwa Mkatoliki ka Ate kuna kubatilisha ndoa tu, mahakamani, miaka na mamilioni ya machozi na doh. Mei 2024 bunge lilipitisha mswada wa talaka, ukaishia Seneti. Shangazi ya Ate ameachana na mume miaka kumi na tano na kwa karatasi bado ni mke wa mtu. Nikamuuliza ka haogopi. Alisugua sufuria muda mrefu.

"Ndio maana nilingoja miaka sita," akasema. "Hii ukituma, hakuna reversal."

Karatasi pia ni shughuli. Lazima uende kwa ofisi ya takwimu ya serikali upate cheti kinachosema haujaoa wala kuolewa. CENOMAR wanaiita. Barua ya serikali, yenye muhuri, inathibitisha uko single! Nilikaa nikawaza wanaume fulani wa Kanairo wakiambiwa waje na hiyo kabla ya kununuliwa soda. Ombi la leseni ya ndoa nalo linabandikwa siku kumi watu waone, na leseni ikitoka iko na siku 120, ukizembea unaanza upya.

Kazi yangu ni kamba. Baada ya mapete, bibi na bwana wakishapiga magoti, watu wawili wanawavisha shela moja mabegani, halafu wawili wengine wanawazungushia kamba yenye umbo la nane, kitanzi kimoja kwa kila shingo. Mi na binamu wa chali ndio wa kamba. Nimefanya mazoezi kwa viti viwili vya plastiki na waya ya extension. Bwana pia humpa bibi sarafu kumi na tatu, na usiku, muziki ukipoa, wageni wanakuja kuwabandika noti kwa nguo na pini wakidansi. Noti ni pera. Pesa kwao ni pera, na nilipowaambia kwetu pera ni tunda, mtu anabandikwa mapera mpaka anang'aa, Kuya alilazimika kutoka nje apumue.

Sasa kilichobaki wiki hiyo ni prenup. Kwao prenup sio ya mawakili, ni kupigwa picha kabla ya harusi, na yao ilikuwa Tagaytay, kule juu unaona volkeno ya Taal imekaa katikati ya ziwa. Jumamosi. Na ilikuwa inanyesha tangu Jumatatu.

Alhamisi Ate akatoka shifti, akakunywa taho, hakulala. Akanunua trei ya mayai, thelathini. "Twende kwa Santa Clara." Wanaopanga harusi Manila wote wanaijua hiyo njia: unapelekea watawa wa Klara mayai, wanakuombea hali ya hewa. Clara kwa Kispanyola ni ute mweupe wa yai, na ni ule weupe wa anga likiwa safi. Mtu wa kitambo aliunganisha hizo mbili, na mayai hayajawahi kuacha kuja. Wale watawa walifika Manila 1621, mkuu wao akiwa Jerónima de la Asunción, mama ambaye Velázquez alimchora njiani akiwa anangoja meli, ameshika msalaba ka rungu. Monasteri ya kwanza ilikuwa Intramuros, vita ikaibomoa, sahii iko hapo Katipunan, Aurora Boulevard inapokata.

Kwa miguu ni mbali na treni ilikuwa imejaa, kwa hivyo tukadandia jeepney. Hizi gari zilianza na jeep za jeshi Mmarekani alizoacha baada ya vita, wakazirefusha, wakazipaka rangi, watakatifu, majina ya watoto, farasi wa chuma juu ya boneti. Nganya kabisa, lakini haina makanga. Watu wanakaa wakitazamana benchi mbili ndefu, na ukiwa nyuma unasema "bayad po" unapeana coins kwa jirani, jirani kwa jirani, mpaka zifike kwa dere. Chenji inarudi njia hiyo hiyo, mkono kwa mkono, peso kwa peso. Nimetazama hiyo kitu wiki mbili na sijaona mtu akimeza bob.

Lakini na trei ya mayai mtu anaingiaje, umeinama nusu, gari ishaanza kutembea? Ate akasema kitu sikuskia, akanyoosha trei mbele. Mathe wa kwanza akaipokea. Akampa kijana wa headphone. Kijana akampa buda mwenye kuku ya plastiki ya mtoto. Trei ikaenda hivyo, magoti kwa magoti, ka fare, mpaka ikakaa salama kwa paja la manzi wa sare ya nesi nyuma ya dere, na hakuna aliyeuliza ni ya nini. Walikuwa wanajua. Mathe wa kwanza alimcheki Ate kidole cha pete, akasema, "Lini?"

"Januari."

"Na mayai leo?"

"Za leo ni za prenup. Deposit."

Jeepney nzima ikacheka. Tulipofika tukasema "para po," gari ikasimama pale pale bila stage, na trei ikaanza safari ya kurudi nyuma, mkono kwa mkono. Ate akahesabu akiwa kwa lami. Ishirini na tisa nzima, moja imepata ufa, na hiyo akaifunga kwa leso yake akaweka kwa begi. Itakaangwa.

Ndani kulikuwa kimya na harufu ya mshumaa. Unaandika ombi lako kwa karatasi, unaacha mayai. Ate aliandika muda mrefu kuliko vile nilidhani jua linahitaji. Tukatoka. Tulikuwa hatujafika kwa gate mvua ikashuka, ile ya mawe, ya kukufanya usahau ulikuwa unaenda wapi. Tukajibana chini ya kipaa cha lango, tumelowa mpaka soksi. Nilimwangalia Ate. Ate aliangalia juu, akaangalia mimi.

"Nimeombea Jumamosi," akasema. "Leo ni Alhamisi."